Kitambaa kinaoza, wino je?

Wateja wanaotaka nguo iliyochapwa iweze kuoza huanza na kitambaa: pamba, kitani, viskosi (uzi utokanao na massa ya miti), au PLA, ile nyuzi inayotokana na sukari ya mimea kama mahindi. Mimi huuliza kwanza wino utashikaje. Kukauka si kushika. Wino uliokauka haukuchafui kidole. Ulioshika hautoki hata ukifua.

Wino wa urujuanimno, yaani unaogandishwa kwa mwanga wa UV, unapendwa kwa sababu taa ya LED ya nanomita 395 huugandisha papo hapo, bila joto kali. Lakini unachokipata ni ngozi ya plastiki: akrilati zimefungana kama wavu ambao vijidudu vya udongoni hawauwezi. Niliwahi kuzika vipande vya pamba vilivyochapwa hivyo. Nilipovifukua, pamba ilikuwa imebaki nyuzinyuzi nyeusi zinazokatika mkononi, ila ua lililochapwa lipo palepale, jembamba kama ganda la kitunguu. Tena wino ukizama ndani ya uzi, mwanga hauufikii ule uliojificha chini. Unabaki mbichi, na wino mbichi huweza kuleta mzio wa ngozi.

Kwa pamba, kitani na viskosi, nachagua rangi ya riaktivu, kwa kuwa inajifunga na selulosi yenyewe, ile inayojenga nyuzi hizo. Kitambaa hupakwa kwanza magadi, yurea na alginati ya mwani, kikaushwe ndipo kichapwe, kisha kiingie kwenye mvuke wa nyuzijoto 102 hivi kwa dakika kama 8 hadi 10. Magadi huamsha selulosi, yurea hushika unyevu, alginati huzuia matone yasisambae. Wanga haufai hapo: rangi ingeukamata wenyewe badala ya pamba. Mwisho ni kufua, na hapa ndipo penye deni, maana rangi iliyojifunga na maji badala ya selulosi lazima itolewe yote, na maji hayo yasafishwe kabla ya kumwagwa.

Wino wa pigmenti, yaani chembe za rangi zinazobandikwa kwa gundi, hauhitaji kufuliwa, nyuzijoto 150 hadi 160 kwa dakika chache zinatosha. Uliza tu gundi yake ni ya nini. Mara nyingi ni akrili, plastiki tena.

PLA usiipeleke kwenye mashine ya joto la 200 kama poliesta. Huanza kulegea kwenye nyuzi 60 na kuyeyuka karibu na 170, na magadi nayo huikata. Isitoshe, udongo wa kawaida hauiozeshi upesi: inataka mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60.