Maana ya seva: jina la kazi lililogeuzwa jina la kifaa

Nimelisikia tena wiki hii, lile jibu kwamba laptop si seva. Rafiki yangu anataka picha za familia yake zikae nyumbani, kwenye diski anayoweza kuishika mkononi, asitegemee kampuni ya mbali peke yake. Ana laptop ya zamani iliyopasuka kioo. Inawaka vizuri na ina diski kubwa. Nikamwambia aanze na hiyo. "Hiyo ni laptop, kaka, si seva," akanijibu. "Nikipata hela nitanunua seva." Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi mno, na kila anayelitoa anaahirisha jambo ambalo angeweza kulianza jioni hiyo hiyo.

Seva ni programu inayokaa ikisubiri maombi ya programu nyingine na kuyajibu. Ile inayoomba huitwa mteja. Kompyuta inayoendesha programu hiyo nayo tunaiita seva, kama mtu anavyoitwa mpishi kwa sababu anapika. Ukubwa wa sufuria haumo katika maana ya mpishi.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika namna neno lilivyotufikia. Waingereza walilijenga juu ya kitenzi chao cha kuhudumia, ambacho walikipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa waliurithi mzizi wake kutoka Kilatini, ambako *servus* alikuwa mtumwa. Kwa hiyo Mwingereza akilitamka bado anasikia ndani yake mtu anayehudumia. Sisi tuliokota sauti tukaacha kitenzi. Tukapata seva, seva hii, seva hizi, tukaiweka kwenye ngeli moja na meza, redio na friji, na baada ya muda tukaanza kuifikiria kama tunavyofikiria friji: kitu cha kununua, kuleta nyumbani na kuchomeka. Laiti tungesema mhudumu au mtumishi, swali lingekuja lenyewe: anamhudumia nani, na kwa kazi ipi?

Na mtumishi lingefaa kweli. Kutoka tuma tunapata tumia, na kutoka tumia tunapata mtumiaji. Tunapata pia tumika, na k ikigeuka sh kama inavyogeuka katika pika na mpishi, au andika na mwandishi, tunapata mtumishi. Mtumishi na mtumiaji wamezaliwa shina moja. Sasa tazama jambo hili. Juni 1969, Jeff Rulifson aliandika RFC 5, waraka wa tano katika mfululizo wa nyaraka za kuutayarisha Arpanet, mtandao uliotangulia intaneti. Humo kompyuta zimegawanywa mara mbili: zile zinazohudumia na zile zinazotumia huduma. Mwenzake seva katika waraka ule hakuwa mteja, alikuwa mtumiaji. Jozi waliyokuwa wakiitafutia maneno ilikuwa tayari imo ndani ya kitenzi chetu kimoja! Na waliandika hivyo kabla mtandao wenyewe haujapitisha ujumbe wowote. Wa kwanza ulipita Oktoba 29 mwaka ule ule.

Tena neno halikuzaliwa kwenye kompyuta. Wanahisabati wa foleni walikuwa nalo mapema zaidi. David Kendall alipotoa mwaka 1953 alama zake za kueleza foleni, zile ambazo bado zinafundishwa, herufi moja ilisimamia idadi ya wahudumu, yaani madirisha mangapi yanawapokea watu waliopanga mstari. Tangu hapo hadi leo maana haijayumba: kuna anayekuja kuomba, kuna anayesubiri ajibu. Mwili wa anayesubiri hautajwi popote.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko CERN, maabara ya fizikia huko Uswisi. Seva ya kwanza ya wavuti, ile ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, mwishoni mwa 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani ya NeXT, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiifanyia kazi zake. Juu yake alibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Karatasi ile ilihitajika kwa kuwa hakuna ambaye angeitazama tu akajua. Na kompyuta hiyo hiyo ilikuwa na kivinjari cha kwanza, kwa hiyo ilikuwa seva na mteja kwa pamoja, ikijiuliza na kujijibu.

Anayedhani seva lazima iwe mbali na iwe kubwa atazame mfumo wa madirisha wa X uliotoka MIT mwaka 1984. Ndani yake seva ni programu iliyo kwenye kompyuta uliyoikalia, kwa sababu inatoa huduma ya kioo, kibodi na kipanya. Programu zinazoomba kuchora kwenye kioo chako ndizo wateja, hata zikiwa zinaendeshwa kwenye mashine kubwa jengo la pili. Wengi wameona mpangilio huo umepinduliwa. Haukupinduliwa, wao walikuwa wakipima ukubwa badala ya kuuliza nani anamwomba nani. Na simu yako je? Ukiwasha hotspot, ndani yake inaanza kazi seva ya DHCP, inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga. Umeshabeba seva mfukoni mara nyingi.

Najua picha ya sanduku inatoka wapi. Kuna mashine bapa zinazosukumwa kwenye rafu za vituo vya data, nazo huuzwa kwa jina la seva. Zimeundwa kwa kazi hiyo kweli: vyanzo viwili vya umeme, kumbukumbu inayojirekebisha makosa, diski zinazochomolewa mashine ikiwa hai. Ni sifa nzuri kwa anayehudumia maelfu ya watu. Nyumbani utabaki na mvumo wa feni na bili ya umeme. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza yuniti 876 kwa mwaka. Ya wati 10 haifiki 88. Seva ya picha za familia hutumia sehemu kubwa ya siku ikisubiri, na kusubiri hakuhitaji misuli. Laptop ya zamani ina hata betri ya kuishikilia umeme ukikatika, mradi betri hiyo haijavimba. Iliyovimba iondolewe bila mjadala. Fedha itakayobaki ielekeze kwenye diski ya pili ya kuweka nakala, maana picha zilizoko mahali pamoja tu, hata pawe nyumbani kwako, haziko salama.

Kuna usemi mwingine unaotokana na kosa hili: "seva imekufa". Mashine moja inaweza kubeba seva ya picha, ya faili na ya wavuti kwa wakati mmoja, kila moja ikisikiliza kwenye mlango wake wenye namba, kama 443 kwa wavuti wenye usimbaji au 22 kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali nayo. Mmoja ukinyamaza, mingine inaendelea kujibu. Anayeita sanduku zima seva huona picha hazifunguki, akazima kila kitu, na waliokuwa wakisoma faili zao bila shida wakakatiwa. Nimeona mtu akianza kutafuta mashine mpya wakati programu moja tu ndiyo iliyosimama, na kuianzisha upya kungemchukua dakika moja.

Yule rafiki yangu nilimjibu hivi, kwa upole, kwa sababu alikuwa na haki nusu. Laptop yako kweli bado si seva, ila si kwa sababu ni laptop. Hakuna programu ndani yake inayosubiri kuombwa kitu. Weka programu ya picha, iunganishe kwenye mtandao wa nyumbani, kisha chukua simu yako uombe picha moja. Kile kioo kilichopasuka hutakihitaji tena baada ya hapo. Picha ikifunguka kwenye simu, seva uliyokuwa ukiiwekea akiba unayo.