Sikio hufundishwa: dhana potofu kuhusu kusomea muzikolojia chuo kikuu

Mwaka 1871 Nikolai Rimsky-Korsakov, mtunzi wa Urusi na ofisa wa jeshi la majini mwenye umri wa miaka 27, aliteuliwa kuwa profesa katika konsevatori, yaani chuo cha muziki, ya Saint Petersburg. Tayari alikuwa ametunga simfoni. Lakini, kama alivyokiri baadaye katika kumbukumbu zake, hakuwa amewahi kuandika zoezi la kontrapunto (ufundi wa kusuka nyimbo mbili au zaidi zinazosikika pamoja), na majina ya kodi nyingi, yaani noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja, hakuyajua. Akaanza kusoma kwa siri, akahangaika na mazoezi yaleyale ya wanafunzi, na baadaye akaandika kitabu chake mwenyewe cha hamonia, yaani elimu ya kuunda kodi na kuziunganisha. Humkumbuka kila ninapokutana na kijana anayeupenda muziki kwa moyo wote lakini haombi nafasi ya kusomea muzikolojia, yaani taaluma ya kuuchunguza muziki, kwa sababu ya mambo aliyoambiwa. Mengi ya mambo hayo si kweli.

"Sikio la muziki ni la kuzaliwa nalo"

Hili ndilo linalowatisha wengi, na limetokana na kuchanganya vitu viwili. Wapo watu wachache wanaosikia noti moja tu na kuitaja papo hapo bila kuilinganisha na nyingine. Uwezo huo hujengeka utotoni, na mtu mzima huupata kwa shida sana. Lakini si huo unaodaiwa darasani. Kinachodaiwa ni kusikia uhusiano: noti hii iko umbali gani na ile, kodi hii inaelekea wapi. Huo hufundishika. Tena wenye kipaji kile cha kwanza wana taabu yao: wimbo ukiimbwa kwa ufunguo (yaani kimo cha do) tofauti na ule ulioandikwa, macho yanaona noti moja na sikio linasikia nyingine.

Chukua imla ya muziki, zoezi linaloogopwa kuliko yote. Kipande kifupi kinapigwa mara tatu au nne, nawe unakiandika. Anayeanza hukimbizana na kila noti. Akiikosa moja, zote zinazofuata zimempita. Ushauri wangu ni huu: mara ya kwanza usiandike noti hata moja. Shika mapigo, kisha jiulize do, noti ya nyumbani ya wimbo, iko wapi. Mara ya pili andika mwanzo, mwisho na besi. Hapo katikati panakuwa rahisi zaidi, maana umeshajua wimbo umetoka wapi na umetua wapi. Na robo saa kila siku itakufaa kuliko saa tatu za mkupuo usiku wa kuamkia mtihani.

"Solfa ni ya kwaya, chuoni ni mistari mitano tu"

Hili linaniuma, kwa sababu linawavunja moyo watu ambao tayari wana kitu mkononi. Mistari mitano inayoandikiwa noti utajifunza, hakuna kukwepa. Ila silabi za solfa (do, re, mi na wenzao) zina ukoo mrefu: Guido wa Arezzo alifundishia silabi za namna hiyo katika karne ya 11, Sarah Glover na John Curwen wa Uingereza wakazipa herufi zake katika karne ya 19, na kule Hungaria Zoltán Kodály akazifanya msingi wa elimu ya muziki.

Nguvu yake ni kwamba do inahama. Anayesoma solfa hasomi jina la noti tu, anasoma kazi yake ndani ya ufunguo. Anajua kwa koo lake kwamba ti haitulii, inavutwa juu kwenye do, na kwamba fa hupenda kushuka kwenye mi. Ukiimba so, ti, re na fa kwa pamoja umepata kodi ambayo vitabu vya hamonia huieleza kwa kurasa nyingi. Alto anayeishusha fa yake huku soprano ikipandisha ti kwenda do ameshaimba sura nzima ya kitabu. Kilichobaki ni kuijua kwa majina yake.

"Sheria za hamonia ni amri, na zinaua ubunifu"

Mwanafunzi anarudishiwa zoezi lenye wino mwekundu: soprano na besi zimetembea pamoja zikiwa zimeachana kwa kwinti, yaani umbali wa do na so. Anauliza, "Mbona linasikika vizuri?" Kweli linasikika vizuri. Waimbaji wa Ulaya ya zama za kati waliimba hivyo kwa makusudi, na mtunzi Mfaransa Claude Debussy alizitembeza kodi zake bega kwa bega alipotaka rangi hiyo. Katazo lina sababu yake: masafa ya noti hizo mbili, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yana uwiano wa 3 kwa 2, hivyo huyeyukiana mno. Zikisogea pamoja, sikio huacha kuzisikia kama waimbaji wawili. Kama unataka sauti nne zinazojitegemea, umepoteza moja. Ukitaka kitu kingine, katazo halikuhusu.

Isitoshe, muziki ulitangulia. Mfaransa Jean-Philippe Rameau alichapisha maelezo yake maarufu ya hamonia mwaka 1722, wakati watu walishaimba kwa sauti nne kwa zaidi ya miaka 200. Nyimbo 371 za sauti nne za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach zinazosomwa darasani hadi leo zilichapwa kati ya 1784 na 1787, miaka zaidi ya 30 baada ya kifo chake. Nyingi aliziandika ziimbwe ibadani, si zisahihishwe.

"Utakwenda kujifunza kupiga ala"

Kidogo tu. Kinanda kitakusaidia, lakini utapimwa zaidi kwa kusikiliza, kusoma na kuandika hoja.

"Yote ni muziki wa Ulaya"

Mwaka 1885 Guido Adler, msomi wa Austria, aliigawa muzikolojia katika tawi la historia na tawi la mifumo, linalochunguza jinsi muziki unavyofanya kazi, ukiwemo wa mataifa mengine. Mwaka huohuo Mwingereza Alexander Ellis alichapisha vipimo vya skeli (ngazi za noti) za mataifa mbalimbali, ikiwemo Java, akitumia senti, kipimo cha umbali wa noti: oktava moja, yaani do hadi do ya juu, ni senti 1200. Alihitimisha kwamba hakuna skeli moja ya maumbile. Zipo nyingi, na zinatofautiana sana. Msomi Kwabena Nketia wa Ghana naye aliandika juu ya muziki wa Afrika vitabu vinavyosomwa vyuoni mbali na Ghana.

Kipimo hicho cha Ellis kinakigusa hata kinanda. Kwenye kinanda, do hadi mi ni senti 400. Mi inayolingana na do kwa uwiano safi wa 5 kwa 4 iko kwenye senti 386. Kwaya nzuri isiyo na ala, ikishikilia kodi ndefu, huweza kuiteremsha mi yake taratibu kuelekea huko, pengine bila mwimbaji yeyote kujua. Msikilizishe mwanafunzi kodi hiyo hadi itulie, kisha mpigie ileile kwenye kinanda. Mi aliyoizoea miaka yote itamchoma kidogo sikioni.