Je, wajua kwa nini kubadilishiwa simu ndiko kulikoimaliza Galaxy Note 7?

Tarehe 2 Septemba 2016, majuma mawili tu baada ya Galaxy Note 7 kuingia sokoni, Samsung ilisimamisha mauzo yake na kuahidi kuwabadilishia wateja simu zipatazo milioni 2.5 duniani kote. Hadi wakati huo ilikuwa imepokea taarifa 35 za simu zenye hitilafu ya betri. Katikati ya mwezi huohuo, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, CPSC, ilitoa takwimu za nchi hiyo pekee: taarifa 92 za betri kupata joto kupita kiasi, 26 za watu kuungua na 55 za mali kuharibika, kati ya simu karibu milioni 1.

Ukigawanya, hiyo ni chini ya simu moja katika kila 10,000. Kwa namba kama hizo, mtu angetegemea kampuni ibadilishe simu, iombe radhi, na mambo yaishe. Hayakuisha. Kufikia tarehe 11 Oktoba Samsung ilikuwa imeacha kabisa kuitengeneza, na hasara ilikadiriwa kupita dola bilioni 5. Imani ya watu haikuvunjwa na moto wa kwanza. Ilivunjwa na yaliyofuata, baada ya kuambiwa kwamba moto umeshazimwa.

Tuanze ndani ya betri, maana bila kuijua huwezi kuielewa hofu yenyewe. Betri ya lithiamu ya simu ni kama mkeka mrefu uliokunjwa ukabanwa kuwa bapa. Upande mmoja ni karatasi nyembamba ya alumini iliyopakwa mchanganyiko wa lithiamu na kobalti, ambao ndio upande chanya. Upande wa pili ni karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, upande hasi. Kati yao hupita utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hupitisha ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, zinazokwenda na kurudi kila unapochaji na kutumia simu, huku utando ukizuia pande hizo mbili zisigusane. Vyote vimelowa kimiminika ambacho, tofauti na maji ya betri ya gari, hushika moto upesi.

Utando huo ndio uhai wa betri. Kadiri unavyokuwa mwembamba, ndivyo nafasi inavyopatikana ya kujaza chaji zaidi katika umbo lilelile, na watengenezaji wote wa simu wako mbioni kuipata nafasi hiyo. Note 7 ilibeba betri ya mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), wakati Note 5 iliyoitangulia ilikuwa na mAh 3,000. Sasa pande mbili zikigusana hata mahali padogo kama ncha ya sindano, betri hupiga shoti. Umeme unapita pale kwa wingi, joto linapanda, na kwenye nyuzijoto 130 hivi utando wenyewe unaanza kuyeyuka. Shoti inazidi kuwa kubwa. Joto likiendelea, ule mchanganyiko wa kobalti unaachia oksijeni. Kwa hiyo betri inayowaka ina joto lake, ina cha kuunguza, na kwa kiasi fulani inajitengenezea hata hewa ya kuchochea moto wake.

Ndiyo sababu kuifunika kwa kitambaa hakusaidii. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, huwaelekeza wahudumu wa ndege wauzime moto unaoonekana, kisha wamwagie kifaa maji au kinywaji kingine kisicho na kileo, kwa wingi, ili kupoza sehemu za betri ambazo bado hazijawaka. Barafu hairuhusiwi, kwa kuwa hukihifadhia kifaa joto lake badala ya kulitoa. Na hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hulalamikia bila kujua maana yake: betri za akiba na pawabenki hukatazwa kwenye mizigo ya chini ya ndege na kuruhusiwa kwenye begi la mkononi, kwa sababu moto ulio karibu na watu huonekana mapema na kushughulikiwa.

Turudi kwa wanunuzi. Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Slovic alieleza mwaka 1987, katika jarida la Science, kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa kuhesabu vifo na majeruhi pekee. Wanaangalia pia kama hatari inatisha na haizuiliki, na kama inaeleweka au imejificha. Simu inayowaka moto ina sifa zote hizo. Haitoi ishara unayoweza kuitegemea, hutokea kwenye kitu unacholala nacho kando ya kichwa, na hakuna umakini wako unaoweza kuizuia, tofauti na gari, ambalo dereva hujiona analitawala.

Wapo wachambuzi waliosema wakati ule kwamba hofu ya wateja haina hesabu. Mimi naona wateja walihesabu vizuri kuliko wachambuzi. Ile moja kati ya 10,000 ilikuwa ya majuma machache ya kwanza tu, na simu hununuliwa ikae miaka. Hakuna aliyejua kama mwezi wa sita wa kuitumia ungekuwa salama kuliko wa kwanza, au mbaya zaidi.

Halafu kulikuwa na ndege. Tarehe 8 Septemba, FAA iliwashauri abiria wasiiwashe wala kuichaji Note 7 wakiwa ndani ya ndege, na wasiiweke kwenye mizigo inayokaguliwa. Mashirika ya ndege yakaanza kuitaja simu hiyo kwa jina katika matangazo ya kabla ya kuruka. Waza gharama ya tangazo la namna hiyo kama kampuni shindani ingelilipia! Mamia ya watu waliofungwa mikanda, wasio na pa kwenda, wanasikia jina la bidhaa moja likitajwa pamoja na moto. Hata aliyekuwa na simu ya aina nyingine kabisa alishuka na wazo jipya kuhusu Samsung.

Yote hayo bado yangevumilika. Maelezo ya kampuni yalikuwa mepesi na yalieleweka: tatizo limo katika betri za mtengenezaji mmoja, simu mpya zina betri za mtengenezaji mwingine. Simu za kubadilishia zilitambulika kwa alama ya betri ya rangi ya kijani kwenye kioo, ili mwenye simu, na mhudumu wa ndege pia, aone kwamba hii ni salama. Watu wengi walikubali. Takwimu hazisemwi sana kuhusu hili, lakini idadi kubwa ya waliorudisha Note 7 walichagua kupewa Note 7 nyingine badala ya kudai fedha zao. Imani ilikuwepo bado.

Tarehe 5 Oktoba, simu moja ilianza kutoa moshi ndani ya ndege ya Southwest iliyokuwa ikijiandaa kuondoka Louisville kwenda Baltimore. Abiria wakatolewa. Simu yenyewe ilikuwa ya kubadilishiwa. Siku chache zikapita na taarifa nyingine za namna hiyo zikaja, kisha kampuni za simu za Marekani, AT&T na T-Mobile zikaacha kutoa simu za kubadilishia, na Samsung ikafunga uzalishaji. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikaipiga marufuku Note 7 kwenye ndege zote za kuingia, kutoka na ndani ya Marekani kuanzia tarehe 15 Oktoba, iwe imezimwa au imewashwa.

Tukio la kwanza lilimwambia mteja kwamba kiwanda kimekosea, na viwanda hukosea. La pili lilimwambia kwamba aliyemhakikishia usalama hakuwa amelijua tatizo. Kuanzia hapo alama ya kijani haikuwa na thamani, na neno lolote jipya la kampuni lilikuwa na shaka juu yake kabla halijamaliza kusemwa. Hata sanduku la kurudishia simu, lenye bitana ya kuzuia joto na glavu ndani yake, lilizua gumzo kana kwamba wateja wametumiwa vifaa vya kutegulia bomu. Glavu hizo zilikuwa za kuwakinga watu ambao ngozi zao zingewashwa na ile bitana, lakini nani alikuwa bado anasoma maandishi madogo?

Kilichokuja kugundulika ni cha ajabu kidogo. Tarehe 23 Januari 2017, jijini Seoul, Samsung ilieleza kwamba wahandisi wapatao 700 walijaribu simu zaidi ya 200,000 na betri zaidi ya 30,000, huku mashirika ya UL, Exponent na TÜV Rheinland yakifanya uchunguzi wao pembeni. Betri za kwanza, zilizotengenezwa na Samsung SDI, kampuni dada ya betri, zilikuwa na kifuko chenye nafasi finyu, hivyo upande hasi ulipinda kwenye kona ya juu kulia na kuuelemea utando. Betri za pili, za kampuni ya ATL, hazikuwa na kasoro hiyo hata kidogo. Zenyewe zilikuwa na vichongoma vya metali vilivyobaki baada ya kuchomelea, ambavyo viliweza kutoboa utando, na baadhi hazikuwa na tepu ya kuhami. Kasoro mbili tofauti, viwanda viwili tofauti, simu moja. Kwa hiyo maelezo ya Septemba hayakuwa ya uongo. Yalikuwa nusu ya ukweli, yakitolewa kwa uhakika wa ukweli mzima.

Linganisha na Nokia. Agosti 2007 kampuni hiyo ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, baada ya matukio kama 100 ya betri kupata joto wakati wa kuchajiwa. Idadi hiyo ni karibu mara 18 ya Note 7 zilizotakiwa kurudi mwanzoni. Wangapi wanaikumbuka leo? Mwenye simu alifungua kifuniko cha nyuma, akasoma namba ya betri, akaagiza nyingine, na simu yake ikabaki mkononi pamoja na picha na namba zake zote. Katika mawazo yake betri ilikuwa kitu kimoja na simu kitu kingine. Note 7 ilikuwa imefungwa kwa gundi, isiingie maji. Betri ikiwa mbaya, simu nzima ni mbaya, na jina lililoandikwa nyuma yake linabeba lawama yote hata kama kosa ni la mwenye kuchomelea.

Imani ilirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi. Katika robo ya mwisho ya 2016 Apple iliipita Samsung kwa idadi ya simu zilizouzwa, ila kwa hesabu ya mwaka mzima wa 2017 Samsung ilikuwa ya kwanza duniani. Galaxy S8 ilitoka Aprili mwaka huo, baada ya kampuni kutangaza ukaguzi wa betri wenye hatua nane, ukiwemo wa eksirei. Nadhani kilichosaidia zaidi ya hatua zenyewe ni ule mkutano wa Seoul. Mara hii kasoro zilionyeshwa kwa michoro, kona gani na kichongoma kipi, na watu wa nje ya kampuni walikuwepo kusema waliyoyaona. Mtu anaweza kumwamini tena aliyemkosea akiona kwamba sasa analijua kosa lenyewe.

Wapo ambao hawakuogopa kamwe, nao ni fumbo lao wenyewe. Kufikia Januari 2017 asilimia 96 ya Note 7 karibu milioni 3.06 zilizouzwa zilikuwa zimerudi, na hiyo ni idadi kubwa sana kwa bidhaa yoyote inayotakiwa kurudishwa. Ina maana pia kwamba zaidi ya simu laki moja zilikuwa hazijarudi, nyingine zikiwa kwa watu waliosikia kila kitu na kuendelea kuzichaji, kwa hoja ileile ya uwezekano mdogo, na kwa kuwa yao ilikuwa haijawahi kupata joto. Desemba 2016 Samsung ilitangaza sasisho la programu la kuzizuia simu zilizobaki Marekani zisichaji kabisa. Kampuni ya simu ya Verizon ilikataa mwanzoni kulipitisha, ikisema kwamba mtu asiye na simu nyingine asikatiwe mawasiliano katikati ya msimu wa sikukuu. Ililipitisha Januari.