"Jina ni lile lile": dhana potofu za viza ya mtandaoni

Sentensi inayonichosha kuliko zote hapa kaunta ni hii: "Herufi moja tu hiyo, jina ni lile lile." Anayeisema, kitambulisho chake kimeandikwa Mohamed, pasipoti inasema Mohammed, na kwenye fomu ya viza ameshajaza Muhammad. Kwa majirani zake Majengo, sawa, ni mtu mmoja. Kwa kompyuta hao ni watu watatu.

Viza ya mtandaoni haibandikwi kwenye pasipoti. Ni rekodi iliyoko kwa wenyewe huko unakokwenda, na kinachoifungamanisha na wewe ni jina, nambari ya pasipoti, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Ukifika uwanja wa ndege wa Moi, karani wa shirika la ndege anaangalia pasipoti, anaangalia viza, na visipolingana anaweza kukukatalia kupanda. Usimlaumu. Shirika likimbeba abiria mwenye hati zenye kasoro, huenda likatozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka. Uturuki wenyewe wamesema waziwazi: maelezo ya e-viza yasipolingana na pasipoti, viza hiyo ni batili. Hapo hakuna "mzee wangu, nisaidie".

Tena sisi wa Pwani tuna shida yetu ya ziada. Mtu ni Omar Salim Bakari: lake, la babake, la babu yake, basi. Fomu ikiuliza jina la ukoo, huyu anaweka nasaba ambayo haimo kabisa kwenye pasipoti, na dada aliyeolewa anaweka jina la mumewe kwa sababu ndivyo anavyoitwa mtaani. Jina la ukoo ni lile ambalo pasipoti imeliweka mahali pa jina la ukoo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Dawa yangu nawapa wote, wanaoitaka na wasioitaka. Rudisha kitambulisho mfukoni. Funua ukurasa wa picha, soma mistari 2 ya chini kabisa yenye alama nyingi za <, maana hiyo ndiyo inayosomwa na mashine. Tuseme imeandikwa P<KENBAKARI<<OMAR<SALIM. KEN ni Kenya. Kinachofuata hadi alama mbili ni jina la ukoo, na baada ya hapo ni majina mengine. Mstari wa pili unaanza na nambari ya pasipoti, nafasi 9 za mwanzo. Tarakimu ya 10 ni ya uhakiki, haimo kwenye nambari, lakini watu huikokota nayo pia. Wengine hugeuza sifuri kuwa herufi O. Na kama wewe ni Ng'ang'a, usishtuke kuona NGANGA: mistari ile haiweki ritifaa.

Halafu mwingine huniambia, "Tulipe kwanza, tutarekebisha baadaye." Baadaye ipi? Kwa kawaida ukishalipa, fomu imefungwa, na kosa la jina maana yake ni kuomba upya na kulipa upya. Kabla ya kubonyeza malipo, mmoja ashike pasipoti asome herufi kwa herufi, mwingine afuate kwenye skrini. Hata kama fomu umejaziwa na kijana wa saiba, atakayezuiliwa uwanjani si yeye.

Mengine nayapitia haraka.

Tovuti inayotokea juu kabisa ukitafuta mtandaoni si lazima iwe ya serikali. Mara nyingi ni tangazo la wakala anayekutoza ada yake juu ya ada ya viza. Tazama mwisho wa anwani: India ni indianvisaonline.gov.in, Uturuki ni evisa.gov.tr, na shemeji yako wa Ujerumani anayekuja likizo Diani aombe kibali chake etakenya.go.ke.

Kulipa si kupata. Kwa India, usisafiri mpaka hali ya ombi lako isomeke "Granted". Wakikataa, ada hairudi.

Ati viza ni viza? Unampeleka bi mkubwa hospitali Chennai, India, mnaomba ya utalii kwa kuwa "ni rahisi". Mgonjwa ana e-viza yake ya matibabu, inayotaka barua ya hospitali ya kule, na wanaomsindikiza, wasiozidi 2, wana yao.

"Pasipoti yangu bado haijaisha." India wanataka iwe na angalau miezi 6 kuanzia siku unayofika, na kurasa 2 tupu.

Akina mama wengi hudhani lazima wavue mtandio ili picha ikubaliwe. Hapana, vazi la dini linaruhusiwa. Uso ndio uonekane wote, kuanzia kidevu hadi juu ya paji, na pande zote mbili.

Na kadi ya homa ya manjano si ya kukumbukwa usiku wa kufunga mabegi. India huidai kwa anayetoka Kenya, na huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukitua bila kadi halali, wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6, na e-viza yako iliyokubaliwa iko mkononi.