Mita 10 za picha ya satelaiti maana yake nini

Vita ikizuka tu, mitandao hujaa watu wanaochambua picha za satelaiti za kambi za jeshi za nchi za mbali. Kazi hiyo wengine wanaifanya vizuri sana. Kinachochosha ni kusoma tena na tena kwamba "satelaiti hii inaona vitu vya mita 10", halafu doa jeupe linazungushiwa duara jekundu na kupewa jina la ndege, hadi toleo lake.

Mita 10 ni upande mmoja wa pikseli, yaani kimraba kimoja kati ya vingi vinavyounda picha, ukipimwa ardhini, basi. Kila kilichomo kwenye mraba huo, lami, majani, bawa, kivuli, kinachanganywa kuwa rangi moja. Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake ni za bure, ziko kwenye kiwango hicho. Landsat 8 na 9 za Marekani, za bure pia, ni mita 30. WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, inafika kama sentimita 31, ila hiyo ni ya biashara na utailipia.

Sasa chukua Su-27, ndege ya kivita ya Kirusi: urefu karibu mita 22, mabawa karibu mita 15. Kwa Sentinel-2 hizo ni pikseli mbili kwa moja na nusu, na kwa kuwa rubani haegeshi ndege kwa kufuata mistari ya pikseli, rangi yake inavuja hadi kwenye pikseli za jirani. Tu-95, ndege kubwa ya Kirusi ya kudondosha mabomu, yenye mabawa ya mita 50, inapata pikseli tano, angalau umbo la msalaba linaanza kujitokeza. Kukuza picha hakusaidii. Programu inabuni tu rangi za katikati.

Tofauti inayorukwa ni kati ya kuona na kutambua. Hata kitu chembamba kuliko pikseli huonekana: barabara ya lami ya mita sita jangwani huacha mstari, kwa sababu rangi yake haifanani na mchanga. Mstari huo unakwambia kuna kitu. Kujua ni kitu gani kunadai pikseli nyingi zaidi, na kujua ni cha aina gani kunadai nyingi kuliko hizo.

Na pikseli nyingi nazo zinaweza kukudanganya. Tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alilionyesha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa picha za maghala ya Taji, Iraq, akasema gari lililoegeshwa kando ni la kusafishia sumu, kwa hiyo ndani mna silaha za kemikali. Hizo hazikuwa picha za bure za mtandaoni. Baada ya Marekani kuivamia Iraq, shehena alizozisema hazikupatikana. Gari lilikuwepo kweli pale Taji. Jina lake ndilo lililotoka kichwani mwa wachambuzi.

Linganisha na Yumen, China, mwaka 2021. Watafiti wa taasisi ya Middlebury, California, wakitumia picha za kampuni ya Planet zenye pikseli ya mita kama 3, walihesabu maeneo 119 ya ujenzi na kusema ni mashimo ya kurushia makombora. Hakuna kombora hata moja lililoonekana. Walichokiona ni mapaa makubwa ya kupulizwa yaliyoachana kwa kilomita kama tatu, na mapaa kama hayo yalishajulikana kutoka Jilantai, jeshi la China linakofanyia mafunzo ya makombora. Walitambua kwa mpangilio na kwa kumbukumbu za mahali pengine, si kwa udogo wa pikseli peke yake.

Kwa hiyo mwenye picha ya mita 10 akiandika "vitu vinne vipya vyenye ukubwa wa ndege kwenye maegesho ya kaskazini, havikuwemo kwenye picha ya siku tano kabla", hapo amesema yote ambayo picha yake imesema. Jina la ndege alitafute kwenye picha nyingine.