Jua la utosi halifanyi picha ya mechi kuwa nzuri

Wapiga picha wengi wa michezo ya shule za sekondari huamini kwamba jua likiwa kali zaidi, picha huwa nzuri zaidi. Kwa upande wa kasi ni kweli: saa saba mchana unapiga kwa 1/2000 ya sekunde bila shida, na mpira unaganda hewani. Tatizo ni nyuso. Jua likiwa utosini, paji hutupa kivuli machoni, na mchezaji mweusi mwenye jezi nyeupe anageuka jezi inayokimbia bila macho.

Utasema: "Nitarekebisha kwenye Lightroom," ile programu ya kuhariri picha. Inategemea umekosea upande gani, wa giza au wa weupe. Kivuli huinuliwa, yaani hung'arishwa, hasa ukipiga kwa RAW (faili ghafi ya kamera) badala ya JPEG (picha iliyobanwa tayari). Jezi iliyoungua hadi weupe mtupu haina tena mikunjo wala namba ya kurudisha. Kwa hiyo pima mwanga kwa jezi, uso utauinua baadaye, kiasi tu. Ukizidisha, ngozi hufanana na majivu.

Uwanja wa vumbi, ambao kila mtu huulalamikia, husaidia hapa: udongo mkavu hurudisha mwanga usoni kuliko nyasi. Chuchumaa upige kutoka chini. Ukiweza kuchagua, chukua mechi ya saa kumi, jua likiwa limeshuka.