Ukihamia Linux, gemu ununue duka gani?

Tangu Windows 10 iache kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa zaidi kwenye meza yangu ya ufundi hapa Makole, Dodoma, ni hili: "Kaka, ukiniwekea Linux, gemu zangu zitacheza?" Linux ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, unaokaa mahali pa Windows. Wengi wanaouliza ni wanafunzi wa UDOM, na mashine zao nazijua kabla sijazifungua: laptopu za mtumba, i5 ya kizazi cha 6 au cha 7, RAM ya GB 8. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Basi mashine nzima, isiyo na ugonjwa wowote, inahesabiwa mzee kwa siku moja.

Huwa najibu kwamba nyingi zitacheza, ila inategemea umezinunua wapi. Maduka ya gemu za kompyuta yanashindana kwa mambo mengi, lakini kwenye Linux hayakukimbia mbio moja. Ukiijua sababu, utajua pa kuweka hela yako.

Chukua mtu aliyepanga fremu pale soko la Majengo. Kauza nguo miaka tisa, wateja wamemzoea. Siku moja mwenye jengo anafungua duka lake la nguo mlangoni kabisa, na kila anayeingia anampitia yeye kwanza. Mpangaji hajafukuzwa wala kodi haijapanda, lakini usingizi umemwisha. Ndivyo Valve walivyojikuta mwaka 2012. Duka lao la Steam lilikuwapo tangu 2003, na karibu wateja wote walikuwa juu ya Windows. Windows 8 ilipokuwa njiani, ikija na duka la Microsoft ndani yake, Gabe Newell, ambaye alifanya kazi Microsoft kwa miaka 13 kabla ya kuanzisha Valve, alisema hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa watu wa kompyuta. Februari 2013 Steam ya Linux ikatoka rasmi.

Historia hii naisisitiza kwa sababu vijana wengi huniambia Valve wanaipenda tu Linux. Huenda wanaipenda. Lakini kilichowasukuma ni kutaka njia isiyopita mlangoni kwa mshindani, na mimi naamini zaidi kazi yenye sababu ya namna hiyo, maana mwenye jengo bado yupo pale pale.

Jaribio la kwanza liliwashinda. Mwaka 2015 kompyuta za Steam Machines ziliingia sokoni zikitumia SteamOS, mfumo wao wa Linux, na watu hawakuzinunua. Tatizo lilikuwa kwamba kila mtengenezaji wa gemu aliombwa atengeneze mwenyewe toleo la Linux. Wachezaji wa Linux walikuwa wachache mno kumlipa gharama hiyo, na wachezaji hawaji mahali pasipo na gemu. Hakuna aliyekuwa tayari kutangulia.

Agosti 2018 wakaigeuza hesabu. Wakatoa Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, na tangu hapo mtengenezaji haombwi kitu. Proton imejengwa juu ya Wine, programu huria iliyoanza mwaka 1993. Gemu ya Windows inapoomba kitu, kwa mfano kufungua faili au kusoma kibodi, Wine inalipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia ya Linux. Prosesa inaendesha gemu yenyewe moja kwa moja, haiigizwi, ndiyo maana kasi haipotei sana. Sehemu ngumu ni picha. Gemu za Windows huchora kwa Direct3D, lugha ya picha ya Microsoft, ambayo Linux haina. Hapo inaingia DXVK, inayogeuza maagizo ya Direct3D kuwa Vulkan, lugha ya picha ambayo draiva za Linux zinaielewa. Gemu za Direct3D 12 zina mgeuzaji wake, VKD3D-Proton. Februari 2022 Valve wakatoa Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi inayotumia Linux, na kuanzia hapo watengenezaji wakawa na sababu ya kujaribu gemu zao juu ya Proton.

Hapo kwenye picha ndipo ninapowaonya wateja. Kuanzia toleo la 2.0, la mwaka 2022, DXVK inadai Vulkan 1.3. Chipu za picha za Intel za kizazi cha 6 zinaimudu. Za kizazi cha 4, zile za desktopu nyingi za ofisini zinazouzwa mitumba hapa mjini, haziimudu. Kwa mashine kama hiyo naweka PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye sehemu ya kuanzishia gemu, ili ipite OpenGL, lugha ya picha ya zamani zaidi, badala ya Vulkan. Gemu nyepesi za zamani zinakubali. Nzito hazikubali, na simdanganyi mtu.

Epic Games Store lilifunguliwa Desemba 2018 na likashindana kwa silaha nyingine. Steam hukata asilimia 30 ya mauzo, ikishuka kwa gemu zinazouza mamilioni ya dola. Epic wakakata 12. Kwa hesabu hiyo, gemu ya dola 10 ilimwachia mtengenezaji dola 7 upande mmoja na 8.80 upande wa pili, na hiyo ilikuwa tofauti ya kweli kwa studio ndogo. Mchezaji naye hupewa gemu za bure kila wiki. Lakini programu ya duka lao kwa Linux hawajawahi kuitoa. Mwaka 2019 waliinunua Psyonix, waliotengeneza Rocket League, gemu iliyokuwa na toleo lake la Linux, na Machi 2020 toleo hilo likaachishwa masasisho na kukatwa kwenye mchezo wa mtandaoni. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika. Gemu zako za bure za Epic utazipata kwa Heroic, programu huria iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Mimi naitumia na naishukuru.

GOG ndio ninaowasifu kuliko watu wengine wanavyowasifu. Ni duka la Poland, lilianza 2008, na gemu zake hazina kufuli la kuzuia kunakili. Programu yao ya Galaxy haikutolewa kwa Linux, na mafundi wengi hulikataa duka kwa sababu hiyo. Ila GOG wanakupa faili zima la kusakinishia gemu. Unalishusha mara moja usiku, wakati bando la usiku ni rahisi, unaliweka kwenye diski ya nje, na hata miaka mitano baadaye unasakinisha bila intaneti. Kwa mtu wa Nkuhungu au Ihumwa anayehesabu kila GB, hilo lina thamani kuliko programu nzuri ya duka. Steam nao wamesaidia hapa: tangu 2023 kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaweza kupeana gemu bila kuishusha upya. Gemu ya GB 60 naishusha mara moja tu kwenye mashine yangu.

Itch.io, kwa gemu ndogo za watu binafsi, wana programu ya Linux na haina shida.

Kinachobaki ni mpira, na ndicho vijana wanachokitaka kuliko vyote. EA Sports FC 24 na FC 25 zina programu ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali Linux, hata ukizinunua Steam. Fortnite, gemu ya Epic, nayo haifunguki, ingawa Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia udanganyifu inayoitumia, ni mali ya Epic wenyewe na tangu Septemba 2021 inaweza kufanya kazi na Proton mwenye gemu akiruhusu. Hapa Proton haina dawa, kwa sababu uamuzi uko kwa mwenye gemu. Kijana akiniambia anacheza FC na wenzake kila jioni, naiacha Windows kwenye sehemu moja ya diski na kuweka Linux kwenye nyingine, na namweleza hivyo kabla sijaishika bisibisi.